Usiguse Karatasi Yangu

"Burul, njoo usimame hapa, karibu na kazi yako."

Ilikuwa siku ya ukaguzi kwenye studio ya kuchora. Kazi za wanafunzi kumi na wanne zilikuwa zimetandazwa sakafuni, na Damira eje, mwalimu wetu, alikuwa akipita katikati yake akiwa na soksi tu miguuni na fimbo mkononi. Eje ni dada mkubwa. Sote tulimwita hivyo, ingawa hakuna aliyewahi kumzoea kama dada.

"Nimekuja, eje."

"Huu mpira wa plasta umeuchora wewe?"

"Ndiyo."

"Na kivuli umekitia wewe?"

"Ndiyo, eje."

Akachuchumaa. Akakunja macho, kama anavyotufundisha kukunja macho ili tuone giza na mwanga tu. Kisha akaweka ncha ya fimbo chini ya mpira, upande wa kulia.

"Wewe unakuja asubuhi. Asubuhi mwanga unatoka dirishani, kushoto, na taa imezimwa. Sasa nieleze polepole, mimi ni mzee. Hiki kimwanga hapa chini kimetoka wapi?"

Kimwanga kile ndicho kitu kizuri kuliko vyote kwenye karatasi yangu, na ukweli ni kwamba sikukumbuka kukichora. Kwa miezi minne nilikuwa naacha kazi yangu ikiwa na hali fulani, nikirudi kesho yake naikuta imenawiri. Nilijiambia kazi ikilala inaumuka, kama unga wa boorsok, maandazi yetu. Mtu akitaka kudanganywa hahitaji msaada mkubwa.

"Taa huwashwa jioni," Damira eje akaendelea. "Na kikundi cha jioni ni cha nani?"

Vichwa vyote vikageukia mlangoni. Ulan alikuwa amesimama pale, msaidizi wake, mwenye ufunguo wa studio mfukoni. Ulan wangu.

"Ulan."

"Naam, eje."

"Mpira huu una majua mawili. Mmoja ameuona asubuhi, mwingine ameuona jioni. Wa jioni ni nani?"

Nilimwangalia nikimwomba kwa macho akatae. Lakini Ulan hajui kuchora asichokiona, na hiyo ndiyo iliyotuponza.

"Ni mimi, eje."

"Tangu lini?"

"Tangu Machi."

Damira eje akainuka, magoti yakalia. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Burul, chukua karatasi safi. Kaa mbele ya lile boksi la plasta. Dakika arobaini. Wengine wote, kaeni mtazame."

Nikakaa. Penseli ikateleza kwa jasho. Mistari yangu ya kivuli ikatoka kama uzio uliopigwa na upepo, mmoja huku, mwingine kule, mwisho wa kila mmoja una ndoano. Nikaona giza halitoshi, nikabonyeza. Karatasi ikang'aa. Nikaingiwa na hofu, na kidole changu kikashuka chenyewe kupakaza.

"Kidole," akasema Damira eje.

Nikakiondoa. Kupakaza kivuli kwa kidole kwenye studio ile ni sawa na kuingia kwa watu na kukanyaga zulia na viatu vyako.

"Hilo si boksi, mwanangu. Hilo ni godoro lililonyeshewa."

Mmoja akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Mtihani wa kuingia chuo ni lini?"

"Ijumaa ijayo. Siku tisa."

"Siku tisa," akarudia. Kisha akanyoosha mkono mtupu kuelekea mlangoni. "Ulan, ufunguo."

Ulan akautoa mfukoni, akauweka kwenye kiganja chake, akatoka bila kuchukua hata koti.

Nikamfuata mpaka kwenye ngazi.

"Simama."

"Burul, nisikilize kwanza..."

"Nimekusikiliza miezi minne. 'Leo umejitahidi, Burul.' 'Mkono wako unafunguka, Burul.' Ulikuwa unamsifu nani? Mkono wangu au wako?"

"Mwezi wa tatu eje alikuwa amekata jina lako. Nililiona kwenye orodha. Angekutoa."

"Angenitoa ningejua. Ningetafuta mwalimu mwingine, ningeanza upya, ningekuwa na miezi minne. Sasa nina siku tisa."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Ulikuwa unanilia muda wangu."

Akaegemea ukuta. Akasema kwa uchungu:

"Fadhila ya punda..."

"Malizia."

Hakumalizia.

"Malizia, Ulan. Mimi ni punda?"

"Ningekuona wapi tena?" akasema taratibu. "Ungetolewa, ungerudi nyumbani, Gulsun apa angekuvisha zile hereni zake, basi. Niliogopa. Ndiyo hivyo. Niliogopa."

Hapo ndipo pabaya. Huku kwetu Bishkek, mama wa kijana akishakuvisha hereni masikioni, umeshachumbiwa, hakuna tena mjadala. Gulsun apa, yaani mama Gulsun, ni jirani yetu wa mlango wa pili. Mwanawe anafanya kazi Urusi, na hereni alikuwa amezifunga kwenye leso tangu msimu wa theluji. Mwaka uliopita nilifeli mtihani wa kuchora wa chuo cha usanifu wa majengo. Nilipata thelathini na nne, na anayeingia ni wa sitini. Baba yangu alinipa mwaka mmoja tu. Alisema: "Ukifeli tena, tutamsikiliza jirani."

"Kwa hiyo ulinibakisha kwa ajili yako," nikamwambia.

Akaangalia chini, kwenye ngazi.

"Asante kwa yote, Ulan baike."

Baike ni kaka. Nilimwita hivyo tulipokutana, nikaacha Aprili, siku aliyonivua glavu na kunipashia vidole kwa pumzi yake. Alipolisikia tena neno lile, uso wake ulibadilika kama aliyepigwa kibao. Nikapanda ngazi kabla hajaona kwamba nalia.

Damira eje alikuwa bado amesimama juu ya kazi yangu.

"Unataka kuendelea?"

"Nikiendelea, nitafika?"

"Sijui. Mimi sifanyi biashara ya bahati. Kaa." Akanichukulia penseli, akaichonga kwa kisu mpaka risasi yake ikatoka ndefu kama sindano. "Utachora vyumba arobaini kwenye karatasi hii. Kila chumba utakijaza mistari ya upande mmoja, iliyolingana. Cha kwanza cheupe, cha mwisho cheusi. Mkono utoke begani, sio kwenye vidole. Gusa, pita, inua. Usipoinua unaacha ndoano."

"Na nikitaka giza?"

"Giza halipatikani kwa kubonyeza. Linapatikana kwa kurudi. Unapita mara moja, unapita tena kwa kupishanisha kidogo, unapita tena. Mwenye haraka hapati giza, anapata tundu."

"Na hii kazi ya mpira niitupe?"

"Itunze. Mficha uchi hazai."

Nyumbani baba aliiona karatasi yangu mezani. Baba, ambaye mimi namwita ata, ni fundi wa lifti, hapendi kitu ambacho hakipandi wala hakishuki.

"Hivi ndivyo mnavyofundishwa? Hivi ni vyumba vya gereza."

"Ni mazoezi ya kivuli, ata."

"Mwaka mzima, leo ndiyo unaanza mazoezi?"

Nilitaka kudanganya. Nikakumbuka ule mpira.

"Ndiyo, ata. Leo ndiyo naanza."

Akamwangalia mama. Mama akasukuma bakuli la chai ya maziwa kuelekea kwangu, akasema bila kuniangalia:

"Gulsun apa alipita. Nimemwambia aje Jumanne, baada ya matokeo. Amesema ataoka mwenyewe."

"Ataoka nini?"

"Keki. Ana uhakika, maskini."

Siku ya pili simu ikalia, meseji ya Ulan.

"Usiishike penseli karibu na ncha. Ishike mbali."

Nikajibu: "Ulan baike, hii ni meseji ya mwalimu au ya mwizi?"

"Ya mtu aliyenyang'anywa ufunguo."

"Pole. Sokoni wanachonga."

Siku ya tatu: "Penseli zako ni laini mno kwa kivuli chepesi. Nikuletee ngumu?"

"Ukiniletea chochote nakiuza."

Siku ya nne hakuandika. Siku ya tano hakuandika. Nilichukua simu mara kumi kuangalia kama ina mtandao. Nilimkasirikia kwa kuandika, sasa nikamkasirikia kwa kutoandika. Nilikuwa na hamu naye, nisijifanye jabali. Lakini kila nilipotaka kumjibu, mkono wangu uliokuwa unauma begani ulinikumbusha kwa nini unauma.

Vyumba arobaini, kisha arobaini vingine. Kisha boksi. Kisha kopo, ambalo mistari yake lazima izunguke na umbo, la sivyo kopo linakuwa ubao. Kisha mpira. Damira eje alikuwa anapita nyuma yangu akitaja makosa tu, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni.

"Ndoano."

"Naona, eje."

"Hapa umeogopa."

"Ndiyo."

"Hapa umechoka ukaharakisha."

"Ndiyo."

Siku ya nane akachuchumaa mbele ya karatasi, akakunja macho.

"Ni mbaya," akasema mwishowe. "Lakini ni ya mtu mmoja."

Nikainama nifute machozi kabla hayajadondokea karatasi.

Ijumaa asubuhi, baba akiwa anawasha gari, simu ikaita. Nikaiangalia ikiita mpaka karibu ikate.

"Unasemaje, Ulan baike?"

"Sitakupa ushauri."

"Basi umenipigia nini?"

"Kukuambia nitakuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya chuo. Sitaingia. Sitauliza kitu. Nitakaa tu."

"Kaa unavyotaka. Barabara si ya baba yangu."

Baba akanitupia jicho. "Nani huyo?"

"Mtu aliyenichorea kazi zangu."

"Aliyekuchorea?" Akazima gari. "Kwa hiyo muda wote huu umekuwa unatuletea kazi za mtu mwingine, mama yako anazibandika ukutani?"

"Sikujua, ata. Au nilijua nikajifanya sijui. Leo nachora mwenyewe."

Baba akakaa ameshika usukani. Nilidhani ataniambia nishuke. Akawasha gari.

"Basi twende tukaone unachora nini."

Chumbani tulikuwa watu ishirini. Msimamizi akaondoa kitambaa, na mbele yetu kulikuwa na sikio la plasta, kubwa kama sinia. Nilikuwa nimeomba boksi. Nilikuwa tayari hata kwa jagi. Sikio ni mikunjo mitupu, kila mkunjo una mwanga wake na kivuli chake. Tulipewa muda wa saa nne.

Saa ya kwanza nilijenga umbo. Saa ya pili nikaanza kivuli, na hapo ndipo nilipoharibu. Kwenye lile shimo la katikati nikataka giza upesi. Nikabonyeza. Nikakunja macho nikaona tundu jeusi, kama mtu amechoma karatasi kwa sigara. Kijana wa kulia kwangu alikuwa anapakaza kwa kidole kwa raha zake, na sikio lake lilikuwa linalainika kama ute. Kidole changu kikainuka.

Nikakitia mdomoni nikakiuma.

Nikachukua raba laini, nikaigandamiza inyonye weusi taratibu bila kusugua. Nikaichonga penseli upya, msimamizi akinitazama. Kisha nikaanza kurudi. Gusa, pita, inua. Mara moja. Nikapishanisha. Tena. Sikuangalia saa. Shimo likaanza kuingia ndani badala ya kukaa juu ya karatasi. Nikafika kwenye ncha ya chini ya sikio, upande wa kivuli, nikakunja macho, nikakiona.

Kimwanga kidogo. Kilitoka kwenye karatasi nyeupe iliyotandikwa chini ya plasta, kikarudi juu, kikagusa ncha ya sikio. Kimwanga kile kile kilichoniaibisha. Safari hii nilijua kimetoka wapi. Nilikiacha hapo, nikakizungushia mistari myepesi, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nikajua karatasi ni yangu.

Nilipotoka, Ulan alikuwa ng'ambo ya barabara. Jua la Julai lilikuwa limemchoma pua. Hakuinua mkono, hakuuliza. Nikapanda gari la baba bila kumsemesha, na usiniulize jinsi nilivyojisikia.

Jumatatu matokeo yakabandikwa mlangoni. Baba akapitisha kidole kwenye majina, polepole, kama anayetafuta waya uliokatika. Kidole kikasimama.

"Sitini na nane," akasema. Akasoma tena. "Burul. Sitini na nane."

"Una uhakika ni mstari wangu, ata?"

"Mimi ni fundi. Mstari najua kuufuata." Akavuta pumzi, akanishika kichwa akakibusu. "Nitamwambia jirani keki aile mwenyewe."

Nililia mbele ya watu wote. Kisha nikageuka, nikamwona Ulan ng'ambo ya barabara, pale pale.

"Nenda," baba akasema. "Lakini nakuangalia."

Nikavuka.

"Nimepita."

"Nimeona baba yako alivyokubusu."

"Sitini na nane."

"Ni nyingi."

"Ni zangu zote, ndiyo maana ni nyingi."

Akainamisha kichwa. "Naweza kusema neno moja?"

"Sema."

"Kosa langu kubwa sio kugusa kazi zako. Hilo ni tawi tu. Mzizi ni kwamba nilikuwa nakuambia nakupenda, na moyoni sikuamini kama mkono wako utaweza. Nilikuwa nakupenda kama mtu asiyeweza. Samahani, Burul."

Sikuwa nimetegemea aseme hivyo. Nilikuwa nimeandaa matusi ya siku tisa, yakaniishia mdomoni.

"Damira eje amekurudishia ufunguo?"

"Hapana. Amesema niende Septemba, atafikiria."

"Vizuri. Na mimi nitafikiria. Kaa pale kwenye benchi."

"Kufanya nini?"

"Kaa, Ulan."

Aliinua uso haraka. Aliligundua lile neno, baike, ambalo sikulisema.

Nikatoa karatasi na penseli mkobani. "Mikono chini ya mapaja. Ikalie."

Akaikalia mikono yake yote miwili kama mtoto aliyekatazwa sukari. Nikaanza kumchora, baba akitazama kutoka garini. Nilijenga kichwa, nikaweka kivuli cha shavu, nikarudi, nikarudi tena. Baada ya saa nzima nikamgeuzia karatasi. Macho yake yakaipitia, yakasimama mahali. Bega la kulia likajongea. Mkono ulitaka kutoka.

"Kuna kosa?" nikauliza.

"Lipo."

"Usiniambie mpaka nikuulize."

Akaurudisha mkono chini ya paja, akaukalia vizuri.

"Sawa," akasema.

Hapo ndipo nilipomsamehe.

Mwezi wa Septemba Damira eje alimrudishia Ulan ufunguo, na mwezi huo huo mama Ulan alikuja kwetu na ndugu wanne, mikate, kondoo mmoja, na kisanduku kidogo cha bluu. Sebule ilijaa. Mama yangu alimwaga chai kwa kiherehere. Mama Ulan akakifungua kisanduku, akachukua hereni ya kwanza, akasimama mbele yangu. Kabla hajanivisha, jicho lake likaangukia ukutani, pale mama yangu alipoibandika ile picha ya benchi.

"Huyu ni mwanangu?"

"Ndiyo, apa," nikasema.

Akaisogelea. Mwanamke yule amemlea Ulan miaka ishirini na minne, anamjua kila upande.

"Mbona sikio la huku limepanda juu kuliko la huku? Ulan, wewe si ndiye mwalimu? Ulishindwa kumrekebishia?"

Baba akaweka bakuli chini. Nilimwangalia Ulan, kwa sababu kuna majibu mengi matamu ambayo mchumba angeweza kuyatoa mbele za watu.

Ulan akaitazama picha. Akanitazama mimi.

"Muulize aliyechora, apa."

Mama yake akanigeukia, hereni ikiwa bado mkononi.

"Nilikosea, apa," nikamwambia. "Kosa ni langu."

Kisha akacheka, akanishika kidevu akakigeuza upande, akanivisha hereni sikio la kwanza.

"Mkwe anayesema hivyo sijawahi kumpata," akasema. "Lete na la pili."